Zinaa ya Nani?

Jumamosi moja nilikuwa kwenye kicheni pati ya binti wa jirani yangu hapa Dar es Salaam. Sare zilikuwa za zambarau, vyombo vimepangwa mbele, keki imeshakatwa. Somo akachukua maikrofoni, akamgeukia mwali: "Mwanangu, haya magonjwa ya zinaa ni ya wahuni. Wewe tulia na mumeo, hakuna kitakachokugusa." Ukumbi ukajaa vigelegele. Nami nilipiga changu, kwa kuwa shughuli ilikuwa ya watu na si mahali pa kumkatiza somo. Lakini kwenye meza yangu walikaa wanawake wawili ninaowajua vizuri, waliotulia na waume zao tangu siku ya ndoa, na wote wawili walishatibiwa kaswende wakiwa wajawazito. Wao pia walipiga vigelegele. Sijaweza kuisahau sauti yao.

Kauli ile si ya somo peke yake. Nimeisikia kwenye daladala na kwenye mimbari. Nimeisikia kwa wazazi wenye elimu, na mara moja nimeisikia kwa mhudumu wa afya aliyekuwa anamwandikia dawa binti wa miaka kumi na tisa huku akimsimanga. Imezoeleka kiasi kwamba haionekani tena kuwa ni maoni. Naandika kuipinga.

Msimamo wenyewe, ukielezwa na mwenye kuuamini kwa dhati, unakwenda hivi. Magonjwa haya hayaletwi na upepo wala maji. Yanaletwa na kujamiiana. Asiyejamiiana hayapati, au karibu hayapati. Wawili walioingia kwenye ndoa wakiwa wazima, wakabaki wawili, wako salama. Anayebadilisha wapenzi anajitafutia. Kwa hiyo kinga ni tabia: mtu akilelewa vizuri, akajiheshimu, akamwogopa Mungu, hana haja ya kondomu wala foleni ya maabara. Tukianza kuwaeleza vijana habari za kondomu, chanjo na vipimo, tutakuwa tumewafungulia mlango. Na mgonjwa anajulikana tu: anatokwa usaha, ana vidonda, amekonda.

Ndani ya maneno hayo mna ukweli, na sitaukana. Idadi ya wapenzi ina uzito. Uganda iliposhusha maambukizi ya VVU katika miaka ya 1990, watu kupunguza wapenzi kulikuwa sehemu ya mafanikio hayo. Wazee wanaosema hivi walizika ndugu zao. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, kuna nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Hofu yao naiheshimu. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kutoka "tabia ina uzito" kwenda "mgonjwa ni mhuni, na asiye mhuni haumwi". Hatua hiyo ni ya uongo, na inaua watu.

1. Jina limeshahukumu kabla ya kipimo

Tuanze na jina, kwa sababu lugha yetu imebeba hukumu ndani yake. Zinaa, kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua, awe Mwislamu au Mkristo, ni kujamiiana nje ya ndoa. Ni dhambi yenye jina. Tukisema "magonjwa ya zinaa" tumeshatamka kosa kabla hata damu haijachukuliwa.

Sasa tulitazame jina hilo mbele ya wagonjwa wenyewe. Mke aliyeambukizwa na mumewe, ndani ya ndoa iliyofungwa mbele ya mashahidi, hajazini. Msichana aliyebakwa hajazini. Mtoto mchanga ambaye macho yake yamevimba na kutoa usaha wa kisonono siku chache baada ya kuzaliwa, na anayeweza kupofuka asipotibiwa, hajafanya chochote isipokuwa kupita njia aliyopitishwa. Wahudumu wanapompaka mtoto mchanga dawa ya macho, kazi yake ni hiyo: kuzuia maambukizi hayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 peke yake, mimba na watoto wapatao 700,000 duniani waliguswa na kaswende iliyotoka kwa mama. Nawauliza wanaolishikilia jina hili: hapo tunazungumzia zinaa ya nani?

Utafiti uliofanyika Mwanza, matokeo yake yakatoka mwaka 2002, ulionyesha jambo ambalo kila somo angepaswa kulijua. Katika wajawazito waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, takriban mmoja kati ya wanne alizaa mtoto mfu. Miongoni mwa wanawake ambao hawakupimwa, karibu nusu ya watoto wafu ilitokana na kaswende. Na waliopimwa mapema wakapewa dozi moja tu ya penisilini ya benzathine, ile sindano ya kwenye msuli inayouma, hatari yao ilishuka ikawa kama ya wanawake wasio na kaswende kabisa. Dozi moja. Mtoto anayekufa kwa kaswende leo anakufa kwa sababu mama yake hakupimwa, au alipimwa hakupewa dawa, au alipewa dawa naye mumewe akamwambukiza upya.

Hukumu hii ina historia katika eneo letu. Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, aliandika kwamba sehemu kubwa mno ya watu wa Buganda walikuwa na kaswende. Chanzo alikitafuta katika maadili: eti Ukristo umevunja mila zilizowabana wanawake, na wanawake walioachwa huru wameangamiza taifa. Serikali ya kikoloni na wamisionari waliichukua hofu hiyo, na hospitali ya Mulago yenyewe ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Sasa, kuna ugonjwa wa ngozi unaoitwa buba, ambao watoto huambukizana kwa kugusana tu wakicheza. Kijidudu chake ni ndugu wa karibu sana wa kile cha kaswende. Hata leo vipimo vya kawaida vya damu haviwezi kuvitenganisha. Waliochunguza upya habari zile wanaona kwamba wengi waliohesabiwa kuwa na kaswende yaelekea walikuwa na buba au maradhi mengine. Taifa zima lilitangaziwa uasherati, na wanawake wake wakabebeshwa lawama, kwa ugonjwa ambao kwa wengi huenda haukuhusiana na kitanda hata kidogo. Tunapomnyooshea kidole mgonjwa kabla ya kumpima, tunarudia kosa la Kanali yule.

2. "Mgonjwa anajulikana"

Hii ndiyo sehemu ya kauli ile inayodanganya kuliko zote, kwa kuwa ina sura ya uzoefu. Kila mtu ana kisa cha mwanaume aliyekuwa analia akikojoa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 yalitokea maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu yanayotibika: klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi. Ni zaidi ya milioni moja kwa siku. Sehemu kubwa ya maambukizi hayo haina dalili, au dalili zake ni ndogo hivi kwamba mtu anazipuuza. Mwanamke mwenye klamidia, mara nyingi zaidi, hasikii chochote. Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, na kikiwa ndani ya uke hakionekani. Kinapona chenyewe, mgonjwa anadhani yamekwisha, kumbe ugonjwa umeingia mwilini na unaendelea. VVU vinaweza kukaa miaka mingi mwilini mwa mtu mnene, mchangamfu, anayecheza mpira kila Jumapili.

Na si wanawake peke yao. Miaka ya 1990 watafiti waliwapima wanaume wa vijijini Mwanza bila kungoja walalamike. Wengi wa waliokutwa na kisonono au klamidia hawakuwa na malalamiko yoyote. Hawakuwa wanaficha. Hawakujua.

Hapa ndipo lilipo tatizo ambalo wahubiri wa "mgonjwa anajulikana" hawaligusi. Zahanati nyingi hazina maabara ya kutafuta klamidia wala kisonono. Zinatibu kwa kufuata dalili: ukija na usaha, unapewa dawa za magonjwa yanayoleta usaha, ukija na kidonda, vivyo hivyo. Utaratibu huo umeokoa wengi, nami nautetea. Lakini asiye na dalili haji, na akija hapewi kitu. Halafu kuna upande wa pili unaoumiza zaidi. Mwanamke anayetokwa na ute usio wa kawaida mara nyingi hana ugonjwa wa zinaa kabisa. Ana fangasi, au bakteria wa ukeni wamevurugika. Anapewa dawa za zinaa na karatasi ya kumwita mume. Karatasi ile inafika nyumbani kama hati ya mashtaka. Kama jamii ingekuwa inaona ni ugonjwa tu, mume angekwenda, angepimwa, mambo yangekwisha. Kwa kuwa jamii inaona ni uhuni, mwanamke anarudishwa kwao na begi lake kwa ajili ya fangasi.

Gharama nyingine inakuja baada ya miaka. Klamidia na kisonono visivyotibiwa hupanda juu, vikaiziba mirija ya uzazi. Shirika la Afya Duniani lilipochunguza wanandoa wasiopata watoto katika nchi nyingi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Afrika kusini mwa Sahara ilionekana kuwa na mzigo mkubwa kuliko mabara mengine wa ugumba unaotokana na maambukizi. Mwanamke wa namna hiyo hakuwahi kuumwa, au aliumwa tumbo la chini wiki moja akanywa dawa ya maumivu. Miaka sita baadaye anaitwa mgumba. Anapelekwa kwa mganga, anakunywa mitishamba, mawifi wanamtafutia kaka yao mke mwingine. Mume, ambaye pengine ndiye aliyeleta ugonjwa bila kujua, anaingia kwenye ndoa ya pili akiwa hajapimwa.

3. Dawa ya watu wawili

Tulia na mumeo. Nani atapinga uaminifu? Mimi sipingi. Ila uaminifu kama kinga ni dawa ya watu wawili, na kila mtu anaweza kumeza nusu yake tu. Mwali aliyeambiwa atulie amepewa nusu dozi, akaambiwa amepona.

Ndoa nayo haifuti yaliyotangulia. Virusi vya hepesi vinavyoleta malengelenge sehemu za siri vikiingia mwilini havitoki, vinalala, vinaamka. Virusi vya HPV, ambavyo baadhi yake husababisha saratani ya mlango wa kizazi, humpata karibu kila mtu anayejamiiana wakati fulani wa maisha yake. Wengi mwili huviondoa wenyewe, wengine vinabaki kwa miaka. Kwa hiyo malengelenge yanayojitokeza mwaka wa nane wa ndoa hayathibitishi kwamba kuna aliyetoka nje mwaka wa nane. Yanaweza kuwa ya kabla ya harusi. Nimeona ndoa ikivunjwa mbele ya wazee kwa ushahidi wa namna hii, na hakuna aliyeuliza swali hilo.

Kuna tabia nyingine niliyoikuta mitaa mingi. Mke mjamzito anapimwa VVU kliniki, majibu ni hasi, mume anashukuru Mungu na kujihesabu naye kuwa mzima. Majibu ya mke si majibu ya mume. Ziko ndoa nyingi ambamo mmoja ana virusi na mwenzake hana, wameishi hivyo kwa miaka, na aliye salama anaweza kubaki salama iwapo tu wote wawili wanajua.

Tazameni pia hesabu za nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea: wanawake asilimia 5.6, wanaume asilimia 3.0. Kama ugonjwa ungekuwa kipimo cha uhuni, tungelazimika kusema wanawake wa Tanzania ni wahuni karibu mara mbili ya wanaume. Hakuna anayeamini hivyo, hata somo. Wanaoujua mwili wanaeleza kwamba virusi huvuka kwa urahisi zaidi kutoka kwa mwanaume kwenda kwa mwanamke. Wanaoijua jamii wanaeleza kwamba mabinti huolewa au huhongwa na wanaume waliowazidi umri, ambao wameshaishi maisha marefu ya mapenzi kabla yao. Na wake wengi hawana nafasi ya kusema "tumia kondomu" bila kuulizwa: "Kwa nini? Umefanya nini?"

Swali hilo la mume, "umefanya nini", ni mtoto wa kauli ya somo. Kama kinga ni ya wahuni, mke anayeomba kinga amekiri uhuni. Tumemnyang'anya silaha mtu aliyetulia kwa sababu ametulia.

4. Choo, UTI na duka la dawa

Aibu ikishakuwa kubwa, watu hutafuta jina jingine. Miaka hii jina hilo ni UTI. Sina maana kwamba UTI haipo. Maambukizi ya njia ya mkojo yapo, yanawapata hata watoto wa shule na bibi zetu. Lakini sikiliza mazungumzo: kijana anatokwa usaha, anasema ana UTI sugu. Ameipata wapi? Choo cha kituo cha mabasi. Kisonono hakipatikani kwenye choo. Kijidudu chake hufa upesi kikishatoka kwenye unyevu na joto la mwili. Wengine husema wamekanyaga tego. Tego na choo vina faida moja inayofanana, kwamba havina mwenza wa kumwita atibiwe.

Kisha kijana anakwenda duka la dawa. Anauliza kwa sauti ya chini, anauziwa vidonge vya rangi mbili vya siku tatu, au dozi nusu kwa kuwa fedha ni nusu. Usaha unakauka. Anarudi kwa mpenzi wake ambaye hakutibiwa, anaambukizwa tena, anarudi dukani. Hapo vijidudu vinafundishwa kuishi na dawa. Kisonono kimeishinda penisilini, kimeishinda tetrasaiklini, kimeishinda siprofloksasini. Kwa sehemu kubwa ya dunia iliyobaki ya kutegemewa ni sindano ya seftriaksoni. Mwaka 2018 Uingereza iliripoti mgonjwa ambaye kisonono chake kilikuwa kimeishinda hata hiyo, pamoja na azithromaisini kwa kiwango kikubwa. Nchi ile ina maabara za kuligundua jambo hilo. Sisi tunakausha usaha na kunyamaza.

Ni lazima nisimame kidogo Mwanza tena, maana ushahidi mkubwa dhidi ya kauli ninayoipinga ulitoka kwetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994 jamii kumi na mbili za vijijini ziligawanywa sehemu mbili. Katika sita, huduma ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati iliboreshwa: wahudumu walifunzwa, dawa zinazofaa hazikukosekana, wasimamizi walifika mara kwa mara, na wanakijiji walielezwa kwamba huduma ipo. Sita nyingine ziliendelea kama kawaida kwa muda. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU katika jamii zilizoboreshewa huduma yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Kwa nini? Kidonda na uvimbe sehemu za siri ni mlango wa VVU. Ukiponya kidonda umefunga mlango. Na sasa lisikilizwe hili: tabia za watu, kwa walivyoeleza wenyewe, hazikubadilika upande wowote. Kilichobadilika ni zahanati.

Wapo watakaonijibu kwa Rakai, Uganda, ambako utafiti uliotolewa mwaka 1999 haukuona faida hiyo. Ni kweli haukuiona. Rakai waligawa dawa kwa watu wote kila baada ya miezi kadhaa, katika eneo ambako VVU vilishaenea sana. Mwanza huduma ilikuwepo kila siku, kwa anayeihitaji, siku anayoihitaji, katika janga lililokuwa bado changa. Tofauti hiyo haiwapi nguvu wahubiri wa tabia. Inatuambia kwamba dawa ya kupita haitoshi, na zahanati inayomkaribisha mtu haina mbadala.

5. "Mtawafundisha uhuni"

Nirudi ukumbini. Mwali yule yule alifundishwa mchana ule, mbele ya shangazi zake, mambo ya chumbani ambayo sitayaandika hapa. Alionyeshwa kiuno, shanga, namna ya kumkanda mume, namna ya kumsafisha. Hakuna aliyesema tunamfundisha uhuni, na sawa, maana unyago ni elimu na tumekuwa nayo karne nyingi. Basi elimu inayoweza kutaja kila kiungo cha mwili haiwezi kudai kwamba inaona haya kutaja kipimo. Nami naomba jambo moja liondolewe kwenye mafundisho hayo: kujiosha ndani kwa sabuni, limao au dawa ya kuulia vijidudu. Hakuzuii ugonjwa wowote. Kunaua bakteria wema wanaoulinda uke, na kuurahisishia ugonjwa njia.

Kuhusu chanjo, mkanganyiko wetu ni mkubwa zaidi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huambukizwa pia kwa kujamiiana. Kila mtoto wa Tanzania huchanjwa dhidi yake akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne, na hakuna mzazi anayesema kichanga kimefundishwa uhuni. Lakini chanjo ya HPV ilipoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, wazazi waliificha mikono ya binti zao: itawafanya wagumba, itawapa ruhusa. Tangu 2024 inatolewa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa sababu inafanya kazi vizuri ikitangulia virusi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Anayetaka kujua bei ya "wasifundishwe" aende hospitali ya saratani ya Ocean Road akakae kwenye benchi la wagonjwa asubuhi moja. Atawakuta akina mama wenye watoto wanne, watano, walioolewa mara moja tu maishani.

Kondomu nayo inasingiziwa pande mbili. Kuna wanaosema ina vitundu ambavyo virusi hupita. Si kweli, mpira uliotengenezwa vizuri na usiopasuka haupitishi virusi. Kuna wanaosema inamaliza kila kitu. Hilo nalo si kweli. Inazuia vizuri VVU, kisonono na klamidia. Kwa HPV, hepesi na kaswende inapunguza tu, kwa kuwa magonjwa hayo hupita hata kwenye ngozi ambayo kondomu haiifuniki. Tohara ya mwanaume vilevile: majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yalionyesha inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Haimkingi na kisonono, na aliyetahiriwa akiwa na virusi anaweza kuviambukiza.

Tunazo leo njia ambazo waliozikwa Kagera hawakuzipata. Mwenye VVU anayekunywa dawa zake kila siku, hata virusi vikafubaa na visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Aliye katika hatari anaweza kutumia dawa kinga. Aliyebakwa au aliyepasukiwa kondomu ana saa 72 za kuanza dawa ya kuzuia VVU, anywe siku 28, na kila saa inayopita inapunguza nafasi yake. Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri wa kijana kupima VVU bila idhini ya mzazi hadi miaka 15, na kuruhusu watu wajipime wenyewe. Vyote hivyo vinamtaka mtu ajitokeze. Binti wa miaka kumi na sita aliyebakwa Ijumaa usiku, ambaye maisha yake yote amesikia kwamba magonjwa haya ni ya wahuni, hatakwenda hospitali Jumamosi. Atakwenda baada ya mwezi, au hatakwenda.

Somo, nakuheshimu, na najua ulisema kwa mapenzi. Ukishika maikrofoni tena, mwambie mwali wapimwe wote wawili, VVU na kaswende, na kila mmoja asome majibu ya mwenzake kabla ya siku ya harusi. Mwambie akipewa dawa ya mojawapo ya magonjwa haya, mumewe atibiwe siku hiyo hiyo, na wasikutane mpaka wote wamalize. Mwambie akapime mlango wa kizazi akifika miaka 30, hata kama hasikii kitu. Sema kwa sauti ile ile ya vigelegele, ili na wale wawili wa kwenye meza yangu wasikie.

Mwali wa siku ile sasa ana mimba ya miezi minne. Wiki iliyopita nilimsindikiza kliniki. Alichomwa kidole, tone moja la damu, na majibu yalitoka kabla hatujamaliza soda: VVU hana, kaswende hana. Nesi akamuuliza mume yuko wapi. Akajibu kwamba yuko kazini, na kwamba yeye hana shida. Mahali pa kuandika majibu ya mwenza pamebaki patupu.